Kabla ya kumwita mtu msoshalisti, uliza ni asilimia ngapi

Ibara ya 3 ya Katiba yetu inasema Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni nchi ya kidemokrasia na ya kijamaa. Maneno hayo yamo hadi leo, ingawa ukiingia Soko la Majengo hapa Dodoma kila meza ina mwenyewe. Ndiyo maana mtu wa Dodoma akisikia mwanasiasa wa Marekani anamwita mwenzake "msoshalisti", picha inayomjia ni ya Azimio la Arusha: benki zimetaifishwa Februari 1967, watu wamehamishiwa vijijini, foleni ya sukari kwenye duka la ushirika. Anaingia kwenye ubishi wa kijiweni na picha hiyo kichwani, na ubishi unaharibika palepale, kwa sababu Mmarekani aliyelitamka neno hilo alikuwa anazungumzia kitu kingine kabisa.

Kule neno hilo limerushwa dhidi ya mambo ambayo leo hata wahafidhina wao wanaogopa kuyagusa. Mwaka 1961 Ronald Reagan, akiwa bado mwigizaji, alirekodi santuri ya kuwaonya wananchi kwamba bima ya afya ya serikali kwa wazee ni mlango wa usoshalisti. Bima hiyo, Medicare, ikapitishwa 1965. Reagan alipokuja kukaa Ikulu miaka minane, hakuifuta. Kwa upande wa pili, seneta Bernie Sanders anajiita mwenyewe msoshalisti wa kidemokrasia, na aligombea uteuzi wa urais 2016 na 2020 kwa jina hilo. Soma alichokuwa anataka: bima ya afya ya serikali kwa kila mtu, vyuo vikuu vya umma bila ada, kodi zaidi kwa matajiri. Unaweza kuyakubali au kuyakataa, lakini hakuna mahali aliposema mashamba ya mahindi ya Iowa yawe ya kijiji. Kipimo chetu cha ujamaa kilikuwa njia kuu za uchumi kumilikiwa na umma. Ukikitumia kwa Sanders, hafiki hata nusu ya njia.

Neno la pili linalotupoteza ni "liberali". Sisi tumezoea kusoma "uliberali mamboleo" tukimaanisha ubinafsishaji, masharti ya mikopo na serikali kujitoa kwenye biashara. Marekani, liberali ni yule wa mrengo wa kushoto, anayetaka serikali itoe zaidi. Rangi nazo zimegeuka: kwingi duniani nyekundu ni ya kushoto, lakini kule tangu uchaguzi wa 2000 nyekundu imebaki kuwa rangi ya Warepublikani, yaani mrengo wa kulia. Anayetafsiri habari za Marekani bila kulijua hili anaweza kuandika sentensi sahihi kisarufi ambayo maana yake imepinduka.

Sasa tuingie kwenye kodi, maana hapo ndipo uongo mwingi zaidi unapozaliwa.

Januari 2019 mbunge Alexandria Ocasio-Cortez alipendekeza kiwango cha asilimia 70 kwa mapato yanayozidi dola milioni 10 kwa mwaka. Mara tu baada ya hapo zikasambaa kauli kwamba Wademokrati, chama chake cha mrengo wa kushoto, wanataka kuchukua asilimia 70 ya pesa za watu. Kosa liko kwenye neno "ya". Kodi ya mapato haitozwi kama kikapu kimoja, inatozwa kwa ngazi, na ngazi ya juu haigusi pesa iliyo chini yake.

Mwenye mshahara hapa Dodoma anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kuifikiria hivyo. Chukua mshahara wa mwezi ambao, baada ya makato ya mfuko wa pensheni, unaotozwa kodi ni shilingi 1,000,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni asilimia 25, yaani 60,000. Jumla 128,000. Akiongezewa 100,000, anaingia ngazi ya asilimia 30, lakini 30 hiyo inakamata ile 100,000 ya nyongeza peke yake: kodi inafika 158,000. Alikuwa anabaki na 872,000, sasa anabaki na 942,000. Anayekataa nyongeza kwa kuogopa "kupanda ngazi" anajinyima 70,000 bure.

Fanya vivyo hivyo kwa Mmarekani. Mwaka 2024 ngazi ya juu kabisa ya kodi ya serikali kuu ilikuwa asilimia 37, ikianzia dola 609,350 kwa mtu asiye na mwenzi. Mwenye mapato ya kutozwa kodi ya dola 700,000 analipa 37 kwenye dola 90,650 tu za juu. Na kwa pendekezo la Ocasio-Cortez, mtu mwenye dola 10,000,100 angelipa 70 kwenye dola 100 za mwisho, yaani dola 70. Hoja ya haki dhidi yake ipo: matajiri wengi wa kiwango hicho hawaishi kwa mshahara, wanaishi kwa hisa zinazopanda thamani, na ongezeko hilo halitozwi kodi mpaka hisa ziuzwe. Kwa hiyo kiwango kikubwa kinaweza kuingiza pesa kidogo kuliko watetezi wake wanavyotumaini. Huo ndio ubishi wenye nyama.

Upande wa kushoto nao una kosa lake wanalolipenda. Wanasema: enzi za rais Eisenhower, Mrepublikani wa miaka ya 1950, ngazi ya juu ilikuwa asilimia 91 na nchi ilistawi. Namba ni ya kweli. Lakini kwa mtu asiye na mwenzi ilianzia dola 200,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na sheria ilijaa mianya. Waliolipa 91 halisi walikuwa wachache sana. Ukiona mtu anataja kiwango bila kutaja kinaanzia wapi, mwambie amalizie sentensi yake.

Denmark nayo wanaitaja kila siku kama mfano wa usoshalisti mzuri. Mwaka 2015 waziri mkuu wa Denmark wakati huo, Lars Løkke Rasmussen, alikwenda Harvard akasema wazi kwamba nchi yake ni ya uchumi wa soko. Denmark haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria, hilo wanapatana vyama vya wafanyakazi na waajiri. Huduma zake nyingi zinalipiwa na kila mtu, maskini na tajiri, kupitia VAT ya asilimia 25. Yetu ni 18, na serikali kuu ya Marekani haina VAT kabisa. Anayetaka huduma za Denmark kwa kuwatoza mabilionea peke yao amechukua nusu ya Denmark.

Kwa upande wa kulia, mfano wa kujifunza ni jimbo la Kansas. Mwaka 2012 gavana Sam Brownback alisaini punguzo kubwa la kodi akiahidi uchumi utachangamka. Kilichoharibu hasa ni kipengele kimoja: mapato ya biashara ndogo zinazotozwa kodi kupitia kwa mmiliki wake yaliachwa bila kodi ya jimbo hata senti. Ukiweka mlango wa asilimia sifuri karibu na mlango wa mshahara, watu watahama mlango, na ndivyo ilivyokuwa kwa baadhi yao: walijisajili upya kama biashara wakaendelea na kazi ileile. Mapato yakaporomoka, daraja la mikopo la jimbo likashushwa 2014, na Juni 2017 bunge la jimbo, lenye Warepublikani wengi, likaifuta sheria hiyo na kuvunja kura ya turufu ya gavana. Hii haithibitishi kwamba kila punguzo la kodi ni baya. Inaonyesha mahali pa kuangalia kwanza: ni nani aliyeachwa nje ya kodi, na kuna njia gani ya kujiingiza humo.

Kuna kipimo kingine kinachoeleweka vizuri kwa mkulima wa Kibaigwa anayesubiri NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, itangaze bei ya mahindi. Mwaka 2018 China ilipojibu ushuru wa Trump kwa kutoza soya ya Marekani, serikali ya Trump ilitangaza msaada wa hadi dola bilioni 12 kwa wakulima, na 2019 ikatangaza bilioni 16 nyingine. Ni pesa ya umma inayofidia bei ya soko. Ni wachache waliouita usoshalisti, kwa sababu aliyepokea alikuwa mpiga kura wa upande wao. Nisingewalaumu wakulima, bei ikikuangukia mikononi hujaisababisha wewe. Ninachosema ni kwamba jina la sera kule mara nyingi linafuata mpokeaji.

"Msimamo mkali" ni neno linalobeba mizigo mitatu tofauti, na kuichanganya ni hatari. Wa kwanza ni sera iliyo mbali na ilivyozoeleka. Seneta Barry Goldwater aliutetea hadharani alipokubali uteuzi wa Warepublikani wa kugombea urais, San Francisco 1964, akisema msimamo mkali katika kulinda uhuru si dhambi. Novemba hiyo alishinda majimbo sita tu. Wa pili ni kukataa kanuni za mchezo, yaani kutokubali matokeo. Wa tatu ni damu: mlipuko wa Oklahoma City wa Aprili 1995 uliua watu 168. Waathirika wametoka vyama vyote viwili, mbunge Mdemokrati Gabrielle Giffords akipigwa risasi 2011, mwenzake Mrepublikani Steve Scalise 2017. Kodi ya asilimia 70 au kufuta kodi kabisa ni mzigo wa kwanza peke yake. Anayeutaja pamoja na bomu, awe wa kulia au wa kushoto, anatafuta kukufanya umwogope jirani.

Kwa nini basi wabunge wenye misimamo ya pembeni wanaongezeka? Angalia kura za maoni, yaani zile za kuteua mgombea wa chama. Sisi tunazijua, ila zao haziishii kwa wajumbe wa chama: kulingana na jimbo, hupiga mpiga kura aliyejiandikisha kwa chama hicho, au hata yeyote anayetaka. Jimbo la uchaguzi la bunge lina watu zaidi ya 700,000, lakini wanaojitokeza kwenye kura za maoni ni wachache. Juni 2014 huko Virginia, Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi bungeni, aliangushwa na profesa wa uchumi, Dave Brat, kwa takriban kura 36,000 dhidi ya 29,000. Juni 2018 huko New York, Ocasio-Cortez alimwangusha Joe Crowley kwenye kura zisizofika 30,000 zote pamoja. Vyama viwili, njia ileile. Kwa kuwa majimbo mengi ya uchaguzi ni ngome ya chama kimoja, ushindi wa Juni ndio ushindi wa Novemba, na mbunge anajifunza kuwaogopa wale wachache wa Juni.

Ukitaka kupima ukali wa mbunge, usitegemee alama za kompyuta bila kujua zinavyotengenezwa. Kipimo maarufu, DW-NOMINATE, huangalia nani anapiga kura na nani, kisha kumpanga kati ya alama hasi upande wa kushoto na chanya upande wa kulia. Hakisomi sababu. Novemba 2021 muswada wa miundombinu ulipita kwa kura 228 dhidi ya 206. Wademokrati sita wa kushoto kabisa waliupinga kwa kuwa ulitenganishwa na muswada wa huduma za jamii waliokuwa wanaudai, na Warepublikani 13 waliuunga mkono. Kwenye daftari la kura, wale sita wanaonekana wamekaa pamoja na Warepublikani waliosema serikali inatumia pesa nyingi mno. Kura za namna hiyo ndizo zilizompa Ocasio-Cortez alama inayomwonyesha wa katikati kuliko Wademokrati wengi. Daftari la kura liko wazi kwa umma, jina kwa jina. Lifungue, kisha soma hotuba ya mbunge ya siku ileile.