Maembe ya vuli na nzi wake

Mvua za alfajiri zimerudi. Anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria anazijua: radi hupiga usiku kucha juu ya maji, mvua inashuka kabla hakujapambazuka, na ikifika saa nne jua linawaka huku ardhi ikitoa mvuke. Kwa mwenye miembe, kuanzia Magu hadi Sengerema na visiwani Ukerewe, hali hii ni neema na balaa kwa pamoja. Embe linanenepa, na papo hapo udongo uliolainika unamfungulia njia nzi wa matunda.

Nzi huyu asili yake ni Asia, na Afrika Mashariki alianza kuonekana mwaka 2003. Asichanganywe na wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya ziwa kama moshi. Wale hawana habari na matunda. Huyu mgongoni ana mistari miwili ya njano, mabawa yake ni meupe ya kupenyeza mwanga, na tumboni ana alama nyeusi ya herufi T. Jike hutoboa ganda na kutaga chini yake. Nje kinabaki kitone kidogo tu, pengine na chozi la utomvu lililokauka juu yake. Siku chache baadaye nyama ya hapo inalegea na kuwa ya kahawia. Ukikata, funza weupe wanajikunja na kuruka kutoka kwenye kisu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dawa. Mimi naamini kazi kubwa iko chini ya mti. Funza wakiwa ndani ya tunda, dawa ya juu ya ganda haiwafikii. Wanakula humo kwa wiki moja hadi mbili, kisha wanatoka, wanajichimbia sentimita chache ardhini na kugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya gamba kabla ya kuwa nzi, na baada ya siku kumi hivi wanatoka wakiwa nzi kamili. Kwa hiyo embe lililodondoka likaachwa hadi wiki ijayo, mara nyingi limeshamaliza kazi yake. Okota mara mbili kwa wiki bila kuruka, na uangue hata yale yaliyo mtini yenye vitone. Usiyatupe kwenye shimo la mboji wala kando ya barabara, maana funza watamalizia kukua hukohuko.

Kuyafukia kunafaa iwapo shimo lina kina cha nusu mita au zaidi na udongo umeshindiliwa. Lakini vilima vyetu ni mawe matupu, na shimo la namna hiyo ni kazi ya siku nzima. Mfuko mweusi wa nailoni ni rahisi zaidi: jaza, funga mdomo kwa kamba, uweke juani siku kadhaa hadi funza wote wafe, ndipo uyamwage kwenye mboji. Kagua mfuko kwanza, kwa sababu tundu dogo tu linatosha kuwatoa wote. Kuku wakichakura chini ya miembe nao husaidia, hula pupa.

Kuhusu mitego, kuna kutoelewana kunakonisikitisha, kwa sababu watu wanatumia fedha zao. Chambo cha methili eujeno, kemikali yenye harufu inayowekwa mtegoni, huvuta madume peke yake. Mtego ukijaa nzi mwenye shamba anafurahi, kumbe majike yanaendelea kutaga, na madume machache yaliyobaki yanatosha kuyapanda. Mitego miwili mitatu shambani ni ya kukuambia nzi wamefika na wanaongezeka kwa kasi gani. Ining'inize kivulini ndani ya matawi, mita moja na nusu hadi mbili kutoka chini, na upake grisi kwenye waya, la sivyo sisimizi watakula ushahidi wote.

Majike huvutwa na chakula chenye protini, kwani bila hicho mayai hayakomai. Chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu hunyunyiziwa kwenye eneo la mita moja ya mraba tu kwa kila mti, kama mililita 50, chini ya majani, asubuhi, kila wiki. Tunda halinyunyiziwi. Anza matunda yakiwa bado madogo. Tatizo la huku ni ileile mvua ya alfajiri: ikinyesha baada ya kunyunyizia chambo kimeoshwa, rudia.

Maji moto, wale sisimizi wakali wanaong'ata wavunaji, ni walinzi wazuri kuliko wengi wanavyodhani. Nzi hukwepa kutaga kwenye matunda wanakopita sisimizi hao. Mti wenye viota vyao usichomwe. Unganisha matawi ya mti huo na ya jirani kwa kamba ili wavuke. Usihamishie mti mmoja viota vya makundi mawili tofauti, watauana. Siku ya kuvuna, jipake majivu mikononi na miguuni.

Kwenye uvunaji kinachookoa mengi ni kuwahi. Embe lililokomaa likiwa gumu hushambuliwa kidogo kuliko linaloachwa liive mtini. Angalia mabega: yakiinuka kupita kikonyo, embe limekomaa, ukikata moja la majaribio, nyama ya karibu na kokwa iwe imeanza unjano. Kata na kikonyo kirefu, kipunguze baadaye, kisha uyalaze maembe kikonyo kikitazama chini utomvu uchuruzike, kwa sababu ukikaukia kwenye ganda unaacha madoa meusi na bei inashuka. Madoa meusi yanayotokea wakati wa kuiva ni jambo lingine, huo ni ugonjwa wa chule, unaopenda unyevu na kuanzia kwenye maua.

Tena aina zinazochelewa ndizo zinazoumia zaidi, maana zinakomaa nzi wakiwa wamejaa. Na hawaondoki msimu ukiisha. Mapera ya uani, makungu yaliyo ufukweni, machungwa: vyote vinawalisha hadi maembe yarudi. Anayeokota maembe peke yake na kuyaacha mapera yaoze chini ya mti amewawekea akiba.