Nilivyopimanisha Voodoo3 na GeForce2 MX

Mjomba alipofunga saiba yake pale Ngara, Nairobi, alinipa kompyuta moja ya Pentium III, megahezi 800, na skrini yake nzito yenye kisogo. Ndani mlikuwa na GeForce2 MX, kadi ya kuchora picha za michezo. Voodoo3 3000, kadi nyingine ya kazi hiyo iliyotengenezwa na 3dfx, niliipata baadaye Luthuli Avenue, imelala kwenye katoni la vyuma chakavu. Nilifurahi mno. Voodoo3 ni ya 1999, na kampuni ya 3dfx yenyewe haipo tena.

Nilitaka kujua ipi inachezesha vizuri zaidi. Nikaweka Windows 98 upya, nikapima mchezo wa Quake III kwa timedemo, yaani mchezo uliorekodiwa unaochezwa kwa kasi yote ambayo kompyuta inaweza, skrini ikiwa 640 kwa 480. GeForce ikatoa fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Voodoo nayo 60. Nilibadilisha draiva usiku kucha, 60 haikubanduka.

Nikamweleza fundi mmoja wa Luthuli. "Ndugu yangu, kadi mbili tofauti haziwezi kulingana hivyo," akasema. "Skrini yako iko hezi ngapi, yaani inachora upya mara ngapi kwa sekunde?"

Sitini. Kumbe kila fremu ilikuwa ikiingoja skrini! Niliandika r_swapInterval 0, amri ya kuuzuia mchezo usiingoje skrini, nikauwasha mchezo upya, namba zikapita 100. Bado zilikaribiana, kwa sababu sasa prosesa ndiyo iliyozichelewesha zote mbili.

Tofauti ilijitokeza nilipopanda hadi 1024 kwa 768. Hapo nilikaribia kuionea GeForce: ilikuwa imewekwa rangi za biti 32, ilhali Voodoo3 huchora michezo ya 3D kwa biti 16 tu. Nikaziweka zote 16, nikapima kila kadi mara tatu, mashine ikiwa imeshapata moto. GeForce ilipata 70 na kitu, Voodoo 50 na kitu.

Mchezo mwingine, Unreal Tournament, ulinipa jibu jingine kabisa. Voodoo iliuchezesha kwa Glide, njia ya 3dfx yenyewe ya kuchora picha, na ukateleza kama maji. GeForce, kwa Direct3D, njia ya Windows, ilikwamakwama kila maadui walipojazana. Wastani wa fremu haukuonyesha hilo. Mkono ulio kwenye mausi ndio uliolihisi.

Voodoo3 yangu haina feni, ina kipande cha chuma cha kupoza tu, na baada ya nusu saa hakishikiki. Nimeifungia feni niliyoitoa kwenye pawasaplai iliyokufa, na ndiyo iliyo ndani sasa. GeForce iko kwenye bahasha, naitoa siku nikitaka Quake III.