Usiku Jeneza la Undertaker Lilipofungwa

"Mjomba, eti Undertaker alikufa mara saba?"

Mpwa wangu alikuwa ameona kwenye simu kipande cha video cha Undertaker, mwanamieleka wa Marekani aliyeigiza kama mfu asiyekufa. Nilimjibu kwa kifupi, lakini mawazo yalishanipeleka Morogoro, kwenye kibanda cha video chenye magunia madirishani, watoto tumejipanga kwenye mabenchi na waliochelewa wamekaa chini.

Kaseti ya siku ile ilikuwa onyesho la mieleka la Royal Rumble la Januari 22, 1994, mjini Providence, jimbo la Rhode Island. Ilikuwa imenakiliwa mara nyingi hadi rangi zimefifia. Undertaker anapambana na bingwa Yokozuna, na pambano ni la jeneza: kumlaza mtu mabega chini hakuhesabiwi, mshindi ni anayemtia mwenzake ndani na kufunga kifuniko. Majuma kadhaa kabla hadithi ilishatuonyesha kuwa Yokozuna, jitu la zaidi ya kilo 200, linaogopa majeneza. Kwa hiyo sisi tulikwenda kumwona akizikwa yeye.

Mambo yakageuka. Yokozuna alipokaribia kufungiwa ndani akatokea mwanamieleka mwingine, Crush, kumsaidia. Wakaja Kabuki na Tenryu, akaja Bam Bam Bigelow, akaja Diesel, na wengine nyuma yao. Undertaker anapiga huyu, wanaongezeka wawili. Kisha wakaufungua mtungi wa majivu wa meneja wake, Paul Bearer, ambao katika hadithi ndio uliompa nguvu, ukatoka moshi wa kijani, na mtu wetu akaishiwa nguvu hapo hapo. Wakamwinua, wakamtumbukiza, wakafunga.

Kibandani hakuna aliyepumua. Jeneza likasukumwa taratibu kuelekea mlangoni, moshi ukivuja pembeni. Ghafla kwenye skrini kubwa ukumbini ikaonekana sura ya Undertaker akiwa ndani ya jeneza, macho wazi, akisema kwamba hatapumzika na kwamba atarudi. Halafu umbo la mtu katika mavazi yake likapaa kuelekea darini. Kaka mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti kubwa, "Stelingi hafi!" Hakuna aliyemwitikia. Mdogo wangu alilia hadi nyumbani, na kaseti inayofuata haikuwepo mjini.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua ufundi wa usiku ule, na tangu hapo nauheshimu zaidi. Mark Calaway, mtu halisi aliyevaa joho la Undertaker, alihitaji likizo kwa sababu ya mgongo. Tatizo la waandishi wa hadithi likawa hili: unampumzishaje mtu ambaye umewaambia watu hasikii maumivu? Ukisema mgongo unamuuma, umeua kila kitu. Akishindwa na mtu mmoja, hadhi inahamia kwa huyo mmoja, na atakaporudi watu watakumbuka kwamba anapigika. Ndiyo maana ilihitajika timu nzima. Kushindwa na kundi hakumpunguzii mtu thamani, na kila aliyeshiriki anabaki na deni la kudaiwa baadaye. Mtungi nao ulikuwa na kazi yake: ulieleza kwa nini nguvu zimekwisha, hivyo hakuna aliyelazimika kuamini kwamba alizidiwa.

Na aliyepaa darini? Alikuwa mwanamieleka mwingine, Marty Jannetty, aliyevalishwa mavazi yale na kuvutwa juu. Paul Bearer, jina lake halisi William Moody, alikuwa na ujuzi halisi wa kuandaa maiti kwa mazishi. Alipoushika mtungi ule tulimwamini, na nadhani sasa naelewa kwa nini.

Agosti 29, 1994, kwenye onyesho la SummerSlam jijini Chicago, Undertaker alirudi. Kabla yake walimleta wa bandia, Brian Lee, aliyeletwa na mwanamieleka wa zamani Ted DiBiase. Wa kweli akaingia na glavu za zambarau badala ya zile za kijivu, ili hata aliyekaa mbali awatofautishe. Akammaliza bandia kwa pigo lake maarufu, Tombstone, mara tatu.

Pigo hilo linastahili kuelezwa, maana kwetu watoto walilijaribu kwenye mchanga na liliwatisha wazazi na watoto pia. Mpigwa anabebwa kichwa chini, tumbo kwa tumbo, mikono ya mpigaji ikimzunguka kiunoni na kumbana. Kichwa kinabanwa katikati ya mapaja, juu ya usawa wa magoti. Mpigaji anashuka kwa magoti, na magoti ndiyo yanayogonga sakafu. Kichwa kinabaki hewani kwa nafasi ndogo tu. Kikiteleza chini ya usawa huo, uzito wote unaishia shingoni. Agosti 1997 mwanamieleka Owen Hart alimshika mwenzake Steve Austin kwa mtindo unaofanana, lakini akashuka kwa kukaa badala ya kupiga magoti, kichwa cha Austin kikiwa kimening'inia chini mno. Shingo iliumia kweli, Austin akapoteza uwezo wa kusogea kwa muda, na akamaliza pambano kwa kumkunja Owen kwa udhaifu ambao hakuna aliyeuandika.

Kwa hiyo mtu akiniambia mieleka ni uongo namkatalia. Matokeo hupangwa. Uzito wa mwili haupangiki, na mgongo wa Calaway haukuwa hadithi. Kama mdogo wangu alidanganywa usiku ule, sijaweza kuamua. Alilia kwa ajili ya mtu ambaye kweli alikuwa anaumwa, ila kwa sababu nyingine.

Deni la Providence lililipwa Novemba 23, 1994, mjini San Antonio. Undertaker na Yokozuna tena, jeneza tena, lakini safari hii mwigizaji wa filamu za mapigano Chuck Norris amewekwa nje ya ulingo kuzuia wavamizi. Mwanamieleka Jeff Jarrett aliposogea alikula teke. Waandishi walikumbuka kwamba mara ya kwanza tatizo lilikuwa kundi, wakaleta mlinzi ambaye hata Morogoro hakuhitaji kutambulishwa. Kifuniko kikafungwa juu ya Yokozuna, na kibanda kizima kikasimama juu ya mabenchi.