Kifungo cha maisha hakina theluthi

Nje ya geti la gereza la Karanga pale Moshi, au Kisongo kwa upande wa Arusha, swali la ndugu ni lilelile: mtu wetu kapigwa maisha, lini ataingia kwenye parole, yaani kutoka mapema kwa masharti? Jibu ni gumu kulimeza: haingii. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inamwacha nje mfungwa wa maisha. Parole ni ya mwenye kifungo cha miaka 4 na kuendelea, akishatumikia theluthi moja kwa tabia njema. Wa miaka 12 huanza kufikiriwa baada ya miaka 4. Sasa theluthi ya maisha utaipataje? Hapa kwetu maisha ni mpaka kufa, si miaka 20 au 30 kama wanavyosema vijiweni.

Ndiyo maana inauma sana kuona familia inauza kipande cha kihamba, shamba la ukoo, imlipe mtu anayejidai ana njia yake kwenye bodi. Bodi yenyewe haina mamlaka hayo.

Pesa hiyo iende kwenye rufaa, tena mapema. Hukumu ikitoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi, lakini lazima zionekane kwenye karatasi: tarehe mliyoomba, tarehe mliyokabidhiwa. Asiye na wakili hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni siku 30. Mkichelewa, mtaomba kuongezewa muda, na hapo mahakama hutaka maelezo ya kila siku iliyopotea. "Hatukujua" haitoshi.

Rufaa zikiisha, unabaki msamaha wa Rais, Ibara ya 45 ya Katiba. Wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, waliofungwa maisha mwaka 2004, walitoka Desemba 2017 kwa msamaha huo, si kwa parole.

Wengine huuliza kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa iko hapahapa Arusha. Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, na tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi kufungua shauri jipya dhidi yake.