Siku Moja Maishani: Kulifungua Banda la Mtarakwa kabla Wageni Hawajafika

Saa 11 alfajiri, Kangemi

Pikapu inapakiwa kwa mwanga wa tochi. Ni Ijumaa. Wageni sita wa leo wanatoka kazini Westlands na Upper Hill, na wakifika jioni watataka vitu vitatu tu: moto, maji ya kuoga na kitanda kisichonuka uvundo. Banda lenyewe, la magogo ya mtarakwa, ule mti wa seda wa milimani, liko juu ya Kimende, kwenye msitu wa ncha ya kusini ya Aberdare, mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800. Kila mita 1,000 unazopanda hukupunguzia digrii 6 hivi za joto, kwa hiyo koti lililokutosha mjini kule litakuaibisha.

Kinachopakiwa kwanza ni kofia ya dohani iliyochukuliwa jana Kamukunji. Mafundi wa jua kali pale watakutengenezea chochote ukienda na vipimo vilivyoandikwa, lakini sema geji mwenyewe, usimwachie fundi achague. Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Kwa kofia, geji 26 inatosha. Kwa kile kipande cha bomba kinachopokea moshi mdomoni mwa jiko, bati la paa halifai kabisa: zinki yake ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu, na bati lenyewe hutoboka mapema. Pale agiza chuma cheusi cha milimita 1.5 au zaidi.

Kinafuata kreti la maziwa, nyama, mafuta ya taa lita 5, mafuta ya linsidi lita 2, na viberiti ndani ya chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri. Kiberiti kilichoachwa bandani wiki mbili hupata unyevu na kukatika vichwa. Viazi, kabichi na karoti havibebwi kutoka mjini. Kuvipeleka Kimende ni kupeleka samaki Kisumu.

Saa 12 na nusu asubuhi

Ukishapita Limuru ukungu unashuka barabarani, na malori ya kwenda Nakuru yanatambaa taa zikiwaka. Hapa hakuna haraka. Ada za kuingia msituni tumezilipa kwa eCitizen tukiwa bado Nairobi, kwa sababu getini mtandao huja ukipenda.

Saa 2 asubuhi

Mlango ukifunguliwa, simama kizingitini uvute pumzi kabla hujagusa kitu. Banda lenye afya hunuka mtarakwa na moshi wa zamani. Harufu ya soksi mbichi maana yake kuna unyevu umenaswa mahali, na ya mkojo mkali ni ya panya au popo. Pua itakuonyesha pa kuanzia.

Madirisha yote hufunguliwa, na magodoro husimamishwa kwa ubavu, upana wa kiganja kutoka ukutani. Godoro lililolazwa juu ya mbao bila nafasi ya hewa huota ukungu upande wa chini, usikouona. Vitanda vyetu vina chaga zenye mianya kwa sababu hiyo, na mgeni anayesukuma kitanda hadi kigonge ukuta hukuta kimerudishwa.

Saa 3 asubuhi

Hii ndiyo saa yenyewe, na chombo chake ni bisibisi.

Banda la magogo linaoza chini kabla ya kuoza juu. Magogo haya yalichongwa kwa tezo, makovu yake bado yanaonekana, na pembeni yamekatwa yakaumana bila msumari. Waliolijenga walichagua mtarakwa kwa kuwa sehemu yake ya ndani, ile nyekundu, mchwa hauipendi na kuvu huichelewa. Ndiyo maana posti za mtarakwa husimama kwenye nyua za Kiambu na Nyandarua miaka na miaka. Lakini ganda jeupe la nje halina kinga hiyo. Fundi aliyeacha weupe kwenye gogo la chini aliacha mlango wazi.

Tunazunguka banda lote tukichoma gogo la chini kila futi moja, zaidi kwenye pembe na chini ya madirisha. Ncha ikigoma baada ya milimita mbili au tatu, endelea. Ikizama kama kwenye keki, weka alama ya chaki. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 haiozi. Kuvu hana cha kunywa. Kwa hiyo swali si dawa gani upake. Uliza maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni tone la paa: linaanguka, linagonga udongo, linarukia gogo. Tiba yake ni jembe na kokoto. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 40 chini ya ukingo wa paa, ujaze kokoto, nalo tone litavunjikia pale.

Adui wa pili ni saruji. Fundi wa mjini akiona mianya kati ya magogo, mkono unamwasha. Anaijaza saruji, anapaka rangi, picha inapendeza. Magogo hutanuka yakinyeshewa na kunywea yakikauka, saruji haifanyi hivyo. Ufa mwembamba hutokea pembezoni, maji huingia na hayana njia ya kutoka, na mbao huoza ikiwa imefungiwa. Miaka michache baadaye unaibandua saruji na gogo linakuja nayo, limekuwa unga wa kahawia. Mianya yetu imejazwa udongo wa mfinyanzi, mchanga na mavi ya ng'ombe, pamoja na nyuzi za mkonge zilizokatwa urefu wa kidole. Kipimo ni ndoo 3 za udongo, 2 za mchanga na 1 ya mavi, nyuzi konzi mbili. Hupasuka kidogo kila kiangazi, hulowanishwa na kuzibwa upya kwa dole gumba. Kazi ya nusu saa. Wanaotuambia tumeshindwa kununua saruji tunawaacha waseme.

Leo kuna alama mbili za chaki, zote pembe ya kaskazini. Kipande kilichooza kitatolewa kwa patasi hadi kwenye mbao ngumu, kisha kibandikwe kiraka cha mtarakwa uleule. Kukata mti wa kiasili kwenye msitu wa serikali ni marufuku, hivyo viraka tunachonga kutoka posti kuukuu za ua ambazo wakulima huziuza wakibadilisha waya. Zina miongo juani na hazitapinda tena.

Saa 4 na nusu

Dohani. Jiko ni la Dova, la chuma cha kusubu, bomba lake la inchi 6. Kwanza funga mlango wa jiko na utundike gunia bichi mbele yake, ama sivyo masizi yote yatalala kitandani. Halafu panda, toa kofia ya zamani, shusha brashi ya waya iliyofungwa kamba pamoja na jiwe la kilo mbili, uvute juu na chini mara kumi na tano hivi. Masizi ya unga hutoka kwa urahisi. Yakiwa magamba meusi yanayong'aa, kuni zilikuwa mbichi. Yakiwa kama lami iliyogandamana, brashi haitoshi, na ukiwasha moto mkubwa dohani yenyewe inaweza kuwaka ndani kwa ndani huku ikivuma kama gari moshi. Kipimo chetu ni milimita 3: masizi yakifika unene huo, jiko haliwashwi mpaka lisafishwe.

Kuna kosa moja la mafundi tunalolikuta kila mara. Vipande vya bomba la jiko huungwa mdomo mwembamba ukielekea chini, umeingia ndani ya kipande cha chini yake. Fundi wa kawaida hugeuza, akidhani ni sawa na kuzuia moshi usitoke. Moshi haushuki, unavutwa juu. Kinachoshuka ni lami ya moshi, na bomba lililogeuzwa huitiririsha nje kwenye ukuta wako, michirizi ya kahawia isiyotoka hata kwa petroli.

Kofia mpya imekaa. Ncha ya dohani inapita kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60. Ikiwa fupi kuliko hapo, upepo wa bondeni huusukuma moshi urudi sebuleni.

Saa 6 mchana

Githeri ya jana kwa chai. Maharagwe huku lazima yalowekwe usiku kucha au yaingie sufuria ya presha, maana maji yanachemka yakiwa na digrii 92 hivi na hayapandi zaidi hata uongeze kuni. Kwa sababu hiyohiyo maji ya kunywa huachwa yatokote dakika 3 kamili, si ile moja ya mwambao.

Saa 7 mchana

Ngazi inahamia kwenye gata, mfereji wa maji ya paa. Majani ya mtarakwa huziba mdomo wa bomba la kushukia na kutengeneza kitu kama kiota, kisha maji hufurika yakarudi ukutani, palepale penye alama za chaki. Pembe ya kaskazini sasa imejieleza.

Maji yote ya banda ni ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 ni lita 1,200, toa sehemu ya kumi iliyorushwa na upepo. Wageni sita wanaooga kwa adabu hutumia lita 250 kwa siku. Tangi liko nusu ya lita 5,000. Tutalala salama.

Saa 8 na nusu

Mvua imefika, kazi zinaingia ndani. Fremu za madirisha hupakwa linsidi iliyochanganywa na tapentaini nusu kwa nusu, safu nyembamba, ikifutwa baada ya dakika 20. Oili chafu ya gari, inayopendwa kwenye posti, hatuiruhusu karibu na banda. Inanuka, inadondokea maji ya mvua na inalisha moto. Na vitambaa vya linsidi visirundikwe kamwe kwenye kona: vikikauka hujipasha joto vyenyewe hadi vikawaka bila kiberiti. Tunavitandaza nje kimoja kimoja, au tunavitumbukiza ndani ya ndoo ya maji.

Kuni za leo ni za miwati, zimepasuliwa na kukaa chini ya paa zaidi ya miezi sita. Gonga mbili pamoja: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio wa kofi kwenye unga. Vipande vya mtarakwa ni vya kuwashia tu, na mlango wa jiko ukiwa umefungwa. Hurusha cheche hadi kwenye mkeka.

Saa 10 jioni

Bwela ya kuni huwashwa kwanza kwa sababu inataka saa moja na nusu. Ni pipa la lita 200 lililolazwa juu ya matofali, moto chini yake. Maji baridi huingia kupitia chini na kuyasukuma ya moto yatoke juu. Kabla ya kiberiti, fungua bomba la bafuni uhakikishe maji yanatoka. Kama hayatoki, pipa lina hewa, na pipa tupu juu ya moto huungua kitako. Halafu tazama bomba la kupumulia, lile linalosimama juu kuliko tangi. Kuna mtu huwa anataka kuliziba kwa kuwa linadondosha matone. Ukiliziba, mvuke hauna pa kwenda na pipa linakuwa bomu.

Dova nayo ina adabu zake. Dohani iliyolala baridi siku kumi imejaa hewa nzito, na moto wa kwanza utakurudishia moshi usoni. Choma kwanza karatasi moja ya gazeti karibu na shingo ya bomba, usikie hewa ikianza kuvuta, ndipo uwashe vijiti. Usimwagie maji chuma chenye moto. Kitapasuka, na chuma cha kusubu hakichomelewi na kila fundi.

Saa 12 jioni

Wageni wamefika, viatu vimejaa matope. Mzee wa zamu, wote wanamwita Guka, anawapa maneno yake manne mlangoni: "Vijana wangu, chakula kisilale nje, kima wanahesabu sufuria. Mlango wa nyuma ni wa kukimbilia, msiuwekee mizigo. Siafu wakipita usiku msipigane nao, niiteni. Na hilo jiko la makaa la nyama choma, halivuki kizingiti hiki."

"Hata likibaki majivu tu, Guka?"

"Hata hayo."

Hapo hatuongezi utani. Makaa yaliyofifia ndiyo hatari zaidi, kwani gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuiuliza.

Saa 3 usiku

Pelele ameanza kulia juu ya mti: mkwaruzo, kisha ukelele kama wa mtu anayekabwa. Simu ya Guka inaita, ni mgeni, kama ilivyo kila Ijumaa ya wageni, na anajibu bila kuinuka kwamba ni mnyama wa ukubwa wa sungura.

Majivu ya jioni yameingia ndoo ya chuma yenye kifuniko, na ndoo imekaa nje juu ya jiwe, mbali na ukuta, ambako itabaki hadi Jumapili kabla ya kumwagwa. Dampa ya Dova, kile kibati cha kubana njia ya moshi bombani, imerudishwa, lakini si yote. Robo imeachwa wazi ili moshi wa usiku upate njia.