Kabla Sijakamilika: Tafakari kwa Wazazi wa Mtoto Njiti

Wapendwa katika Bwana,

Neno letu la juma hili ni Zaburi 139:16, "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika," nami naomba tulisome tukiwa upande wa wazazi ambao mtoto wao amezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za mimba, akalazwa kwenye mashine ya joto, nao wakabaki kumtazama kupitia kioo.

Mama wa mtoto njiti hutoka leba mikono mitupu. Wenzake wodini wananyonyesha, ilhali yeye kila baada ya saa chache anakamua maziwa kikombeni, pengine matone tu, ili yapitishwe kwenye mpira mwembamba ulioingizwa puani mwa mwanawe. Wageni hawajui wampe hongera au pole, na wengine huamua kunyamaza. Usiku ndipo maswali yanapomwandama: je, ni ile ndoo niliyojitwika? Ni ile safari ya basi? Mara nyingi hata madaktari hawaipati sababu, na zile zinazofahamika, kama shinikizo la juu la damu, maambukizi au mimba ya mapacha, si dhambi ya mama. Aambiwe hivyo waziwazi, tena zaidi ya mara moja, kwa maana moyo unaojilaumu hauelewi kwa kuambiwa mara moja.

Baba naye ana mzigo wake. Ndiye anayetumwa dawa, anayehangaikia bili na kujibu simu za ukoo, na kwa kuwa hakuna anayemwuliza kama amelala, hudhaniwa kuwa imara. Wako wazazi wanaoogopa hata kumpa mtoto jina, wasije wakampenda kisha wakampoteza, halafu wanajihukumu kwa hofu hiyo.

Hofu hiyo si upungufu wa imani. Hana, yule mwanamke wa Biblia aliyemlilia Mungu ampe mtoto, alipoimimina nafsi yake mbele za Bwana kule Shilo, Eli alidhani amelewa. Naye alikuwa kuhani, aliyezoea kuwaona watu wakiomba. Tunalirudia kosa lake kila tunapomwambia mama anayelia, "Mshukuru Mungu, mtoto yu hai," kabla hatujamsikiliza.

Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akikabiliwa na uhaba wa mashine, alianzisha utaratibu wa kuwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri huduma hiyo, tunayoiita kangaruu, ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Mtoto huvishwa nepi, kofia na soksi, akafungwa kwa khanga. Joto lake hutengemaa, na mama aliyeogopa kumgusa huanza kuisikia pumzi ile ndogo juu ya kifua chake mwenyewe. Hapo mimi naiona rehema ya Mungu, kwamba kinachomkuza mtoto kinamtuliza na mzazi. Baba pia anaweza kumbeba hivyo, na asione haya kumwomba muuguzi amwelekeze.

Juma hili, anayeijua familia ya namna hii apeleke mtori na chupa ya uji, afue khanga, akae na watoto wakubwa. Na mama akipitisha wiki mbili bila kupata usingizi hata anapopata nafasi ya kulala, au hataki kumwona mtoto, au wakati wowote akisema heri yeye mwenyewe asingekuwapo, asiachwe peke yake: tumwombee na kumsindikiza kwa daktari siku hiyohiyo.