Maharage ya saa nane usiku

Volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, 22 Mei 2021, na lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, mji wetu mashariki mwa Kongo. Tulidhani yamekwisha. Ndipo ardhi ikaanza kutikisika mchana na usiku, na Jumanne usiku taamuli, yaani kukaa kimya nikifuata pumzi, niliyoizoea kwa miaka miwili ikanigeuka.

Nilikaa kama siku zote. Blanketi limekunjwa unene wa vidole vinne chini ya makalio, ili magoti yashuke chini ya nyonga na mgongo usimame bila kukazwa. Macho nimefumba, pumzi nahesabu zikitoka, 1 hadi 10. Akili ikitoroka, narudi 1. Siku ya kawaida narudi hata mara 12 kwa robo saa, na huko kurudi ndiko kazi yenyewe. Anayengoja kichwa kiwe kitupu atangoja sana. Usiku ule sikufika 4.

Nyumba yetu ya mbao imekaa juu ya mawe ya lava ya mlipuko wa 2002, na aliyekaa sakafuni hupokea mtikisiko kwa mifupa kabla sahani hazijalia. Isitoshe, ukifumba macho unabaki na mwili tu wa kuutazama, na mwili wangu ulikuwa unangoja tetemeko jingine. Moyo unadunda, nauangalia, unadunda zaidi. Nikaongeza kosa: pumzi ndefu za nguvu, mfululizo. Vidole vikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi. Kupumua kupita mahitaji huondoa kaboni dioksidi nyingi mno mwilini, na dalili zake ni pacha wa hofu. (Sisi wa Goma gesi hiyo tunaiogopa ikizidi: ndiyo mazuku, hutuama kwenye mashimo asubuhi pasipo upepo. Usitafute kimya chako huko.)

Mama mdogo alikuwa macho, anachambua maharage kwenye ungo kwa tochi ya simu.

“Unalala umekaa?” akauliza. “Njoo unisaidie, mwanangu. Kesho hatujui tutapikia wapi.”

Nikavuta kiti, nyayo zote mbili chini, macho wazi. Pumzi nikaiacha ijiendee, nikashika chembe moja kila inapotoka: nzima huku, iliyotobolewa kule, changarawe chini. Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyeanzisha mafunzo ya taamuli ya wiki nane huko Massachusetts mwaka 1979, huwapa wanafunzi zabibu kavu moja waitazame, wainuse, waitafune taratibu. Maharage mabichi hayatafuniki, ila kazi ni ileile: umakini unapata kitu nje ya kifua cha kushika. Hofu haikuondoka. Ilipungua ukubwa, ikatoshea pembeni ya ungo.

Sahani zilipolia tulitoka nje, tukangoja, tukarudi. Kubaki umekaa huku nyumba inacheza, eti unazingatia, ni ukaidi. Baada ya dakika kama 20 mikono yangu ilianza kukimbia bila mimi kujua. Nikaipunguza mwendo, ikakimbia tena. Karibu na alfajiri nikasinzia kitini.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, 27 Mei, amri ikatoka: mitaa 10 kati ya 18 ihame. Mama mdogo akayafunga maharage kwa kitenge juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, tukashika njia ya mji wa Sake. Jioni tulipoyala, jino langu likakuta changarawe.

“Hiyo ya upande wako,” akasema.